Moyo unaenda mbio na vipimo viko safi: nilivyorudi kupanda mwendokasi

Naandika hii kwa wenzangu ambao wameshapimwa moyo wakaambiwa uko safi, presha ikawa sawa, na bado kifua kinabana ghafla, vidole vinakufa ganzi na unaona kabisa kwamba leo ndo leo. Mimi nilikaa na hali hii mda mrefu nikiiita presha, mara vidonda vya tumbo, mara uchovu wa dukani, kumbe ni mashambulio ya hofu na yanatibika, na kilichonisaidia ni kaunselingi.

Ilianza baada ya msiba wa baba. Alitoka swala ya Alasiri mzima, akakaa barazani, akaomba maji, basi, tukaambiwa ni moyo. Arobaini ikapita, watu wakaondoka, mi nikabaki nausikiliza moyo wangu. Nikilala naweka vidole viwili shingoni nahesabu mapigo, nikipanda ngazi nahesabu, na ukishaanza kuhesabu utakuta tu kitu, manake moyo wa mtu hauendi sawasawa kama saa, una kuruka kwake na kushtuka kwake hata ukiwa mzima kabisa.

Shambulio kubwa likanikuta kwenye mwendokasi, yale mabasi ya haraka ya Dar, asubuhi, natoka Kimara naenda Kariakoo ambako nauza vitenge. Gari limeshona, mkono wa mtu usoni kwangu, tulivyopita Ubungo joto likapanda, moyo ukaanza kwenda mbio, nikahisi hewa haiingii, nikavuta tena na tena, ndo kizunguzungu kikaja na midomo ikawa kama imechomwa sindano ya ganzi. Nikashuka Manzese nikakaa chini. Mama mmoja muuza vitumbua alinishika mkono tu hakuniuliza kitu, Mungu ambariki popote alipo. Toka siku hiyo nikawa napanda bajaji tu, na pale sokoni penye msongamano sipiti.

Kabla ya yote jamani, nenda hospitali kwanza. Kifua usikitibu kwa kusoma mtandaoni. Daktari alinipima ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, presha, wingi wa damu, sukari, na thairoidi, ile tezi ya shingoni, kwa sababu ikifanya kazi kupita kiasi nayo inaupeleka moyo mbio. Vyote vikarudi safi ndo akaniambia niende kwa mshauri wa kisaikolojia. Mama mdogo yeye alisema ni jini, tukaenda nikasomewa, na sisemi vibaya kuhusu hilo, nilipata faraja kweli, ila hofu ilirudi. Shoga yangu akanishauri ninunue diazepam, vile vidonge vya kutuliza, duka la dawa. Hapo nawaomba sana, msizimeze kiholela, mwili unazizoea haraka na kuziacha ni kazi. Kuna dawa nyingine madaktari wa akili wanaandika kwa tatizo hili na watu wanapona nazo, lakini hiyo ni ya daktari mwenyewe kuamua.

Mshauri wa kwanza niliyeenda aliniambia usiwaze sana, kunywa maji, kuwa karibu na Mungu. Sikurudi. Wa pili, dada mmoja mtu mzima kidogo kwangu, alichukua karatasi akachora duara. Juu akaandika moyo unadunda, pembeni akaandika nakufa, chini akaandika hofu, halafu mshale ukarudi juu kwenye moyo unadunda. Akaniambia mdogo wangu, moyo kudunda sio tatizo, tatizo ni hiyo tafsiri ya pembeni, ukishaamini unakufa mwili unajiandaa kukimbia, unadunda zaidi, nawe unapata ushahidi kwamba kweli unakufa. Baadae nilisoma kwamba mwanasaikolojia mmoja wa Uingereza, David Clark, aliueleza mzunguko huo mwaka 1986, na mpaka leo tiba inajengwa juu yake.

Akanieleza na ile ganzi. Ukivuta pumzi harakaharaka hukosi hewa, unakuwa nayo kupita kiasi, unachopoteza ni kaboni dayoksaidi, na ikishuka kwenye damu mishipa inayokwenda kwenye ubongo inasinyaa kidogo, ndo kizunguzungu, ndo vidole kuchomachoma. Na kuzimia niliyokuwa naiogopa, akasema mtu anazimia zaidi presha ikishuka, wakati kwenye hofu ya namna hii presha kwa kawaida inapanda. Nilikaa kimya nikilitafakari hilo mda mrefu.

Sasa sehemu iliyokuwa ngumu ni hii. Akaniuliza ukiwa kwenye gari unafanya nini ili usife? Nikamtajia, nabeba chupa ya maji, nakaa karibu na mlango, nampigia dada angu simu, nahesabu mapigo, nasoma Ayatul Kursiy bila kukoma. Akasema haya yote yanakuambia kwamba umepona kwa sababu ya chupa, kwaiyo hujawahi kuona kwamba ungepona hata bila chupa. Kuhusu kusoma nilimkatalia, akasema hapana, ibada endelea nayo, soma kwa kumkumbuka Mola wako, ila usiisome kama breki ya kuzuia moyo. Nilimuelewa, na kwa kweli swala yangu ikatulia zaidi baada ya hapo.

Mazoezi yenyewe yalikuwa ya kuita zile dalili makusudi. Pale pale ofisini kwake nilikimbia nikiwa nimesimama sehemu moja kwa dakika moja, nikazunguka mpaka chumba kikazunguka, nikapumua kwa mrija mwembamba nimebana pua. Ule mrija ndo ulinitoa machozi, manake ilikuwa hali ile ile ya Ubungo, kifua kile kile, na nimekaa kwenye kiti cha plastiki feni inazunguka juu na hakuna kilichotokea, ikapanda, ikakaa, ikashuka yenyewe. Ila usijaribu peke yako nyumbani, hasa kama una pumu, mimba, kifafa au moyo wenye shida kweli, yeye aliniuliza hayo yote kabla hatujaanza.

Nyumbani nikawa na kaunta buku, upande mmoja naandika nilichodhani kitatokea, upande wa pili kilichotokea. Ukurasa mmoja unasema hivi: mwendokasi saa tano, Kimara mpaka Kibo, bila chupa. Nilidhani nitazimia watu wanipige picha. Kilichotokea ni jasho, moyo mbio, mtoto kanikanyaga, hofu ikaanza kupungua kabla sijashuka. Tulianza na safari fupi mchana gari likiwa na nafasi, halafu nikasogea mpaka Magomeni, halafu asubuhi yenyewe ya kushona, na sheria ilikuwa moja, usishuke hofu ikiwa juu, subiri ianze kushuka ndo ushuke. Kuna siku nilishuka mapema nikalia, dada mshauri akasema sawa, kesho panda tena kituo hicho hicho.

Halafu tukamzungumzia baba, na hapo sikutegemea. Nilikuwa nimeshika msiba mzima, chakula, turubai, wageni kutoka Tanga, watu wakinisifu nina moyo mgumu. Sikuwahi kukaa nikasema namkumbuka. Tulitumia vikao kadhaa kwa hilo tu, sikio lake na tishu, nami naona bila vikao vile mazoezi peke yake yasingenishika.

Saivi napanda mwendokasi kama kawaida. Moyo bado unashtuka mara moja moja, hasa nikiwa sijalala vizuri au nimekunywa kahawa nyingi, nauacha uende. Shingoni sishiki tena.

Kwa anayetafuta pa kuanzia, ulizia kitengo cha afya ya akili kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa wako, na kwa Dar Muhimbili wapo. Ukikutana na mshauri muulize wazi, utanifundisha mazoezi ya kukabiliana na hii hofu au tutakuwa tunaongea tu? Akikujibu kwa kueleza hatua kwa hatua, kaa naye. Akikuambia usiwaze sana, tafuta mwingine, na usione aibu kuondoka.