Vitunguu vya eafraya visilegee tena

Hapa Ujiji vitunguu vyangu vya eafraya, yaani jiko la umeme linalopika kwa hewa ya moto, vilikuwa vinatoka laini, ganda la unga likibanduka. Mchawi ni maji: karibu asilimia 89 ya kitunguu ni maji, na hewa ya moto haiyafukuzi upesi kama mafuta ya karai. Sasa navikata pete, nanyunyiza chumvi, naviacha vitoe jasho kama dakika 15, kisha navikausha kwa kitambaa safi hadi visiteleze mkononi. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Halafu unga mkavu wa muhogo, yai, chenga za mkate. Mawese kidogo juu kwa brashi, na rangi yake inavutia kweli! Nyuzi 200, safu moja tu, nageuza katikati. Vinatoka vimekauka kau. Nakula na chachandu.