Radi na Vumbi Juu ya Bati la Alumini

Picha za kale za dhoruba zina sifa moja inayozifanya zifae kuchapwa juu ya bati la alumini kuliko picha nyingine nyingi za zamani: uzito wake wote umo angani, katika mvutano wa mwanga na giza, wala si katika nyuso za watu au nakshi ndogondogo. Nimetundika kadhaa sebuleni kwangu, na wageni huuliza zimechapwaje kabla hawajauliza zilipigwa wapi.

Uchapaji wenyewe hauna siri. Ni njia ile ile ambayo mafundi wetu wa mjini hutumia kuchapa majina na sura kwenye vikombe vya zawadi. Picha huchapwa kinyume juu ya karatasi maalumu kwa wino maalumu, kisha karatasi hiyo hulazwa juu ya bati lililopakwa tabaka jembamba la poliesta na kubanwa ndani ya mashine yenye joto la nyuzi 200 hivi za Selsiasi. Kwa joto hilo wino hugeuka mvuke bila kupitia hali ya umajimaji, hupenya ndani ya lile tabaka, na bati linapopoa rangi hunaswa humo humo. Kwa sababu hiyo picha haihitaji kioo mbele yake, na wala haikunjamani kwa unyevu, jambo ambalo sisi tunaoishi karibu na bahari, tuliozoea kuona picha za karatasi zikiota ukungu ndani ya fremu, hatuwezi kulipuuza.

Uamuzi mgumu ni wa aina ya bati. Wino huu hauna rangi nyeupe. Panapotakiwa weupe hapachapwi kitu, na kinachoonekana ni kile kilicho chini. Ukichagua bati lenye msingi mweupe, utapata weupe wa kawaida kama wa karatasi. Ukichagua lenye tabaka angavu lisilo na rangi, weupe wa picha unakuwa ni alumini yenyewe, inayong'aa au kufifia kadiri mtu anavyopita mbele yake.

Kwa picha ya radi sioni hoja ya kuchagua kingine isipokuwa hilo la pili. Mwaka 1882, huko Philadelphia, Marekani, mpiga picha William Jennings alifanikiwa kunasa radi kwenye bamba la kioo, na picha yake ni miongoni mwa picha za mwanzo kabisa za aina hiyo. Alitaka kuonyesha kwamba radi haifuati ile mistari ya pembe kali ambayo wachoraji walikuwa wameizoea, bali hujipinda na kutawanyika kama mizizi. Juu ya bati angavu kila tawi la radi hiyo ni alumini tupu inayochukua mwanga wa dirishani, huku anga lililoizunguka likiwa limezama katika wino mzito. Karatasi, hata iwe nzuri namna gani, haiwezi kufanya hivyo.

Dhoruba za vumbi zinataka kinyume chake. Ninazo mbili za miaka ya 1930, wakati nyanda za kati za Marekani, zilizokuwa zimelimwa hadi nyasi za asili zikatoweka, zilipokumbwa na ukame na udongo wake ukapeperushwa. Ya kwanza inaonyesha ukuta wa vumbi ukiielekea Stratford, Texas, tarehe 18 Aprili 1935. Ya pili ilipigwa na Arthur Rothstein katika wilaya ya Cimarron, Oklahoma, Aprili 1936, akiwa kijana wa miaka 20 aliyeajiriwa na serikali: mkulima na wanawe wawili wakipita mbele ya kibanda kilichozikwa nusu, huku vumbi likiwa limefuta upeo wa macho. Vumbi halimetimeti, na picha hizi zikiwekwa kwenye bati linalong'aa huonekana kama zimelowa maji. Nilizichapisha kwenye msingi mweupe usio na mng'ao.

Hapo ndipo lilipojitokeza tatizo ambalo wauzaji hawapendi kulitaja. Mashine nyingi hutengeneza kijivu kwa kuchanganya rangi kadhaa, na mchanganyiko ukielemea upande mmoja kidogo tu, picha ya kijivu huanza kuwa na ukijani au uzambarau, hasa chini ya taa za usiku. Dawa yake ni kuomba kipande kidogo cha majaribio na kukitazama nyumbani, ukutani, mchana na usiku, kabla ya kulipia bati kubwa.

Kuhusu upatikanaji na ukubwa wa faili, Maktaba ya Bunge la Marekani, inayohifadhi picha ya Rothstein, hutoa nakala zake bure, na picha ya Stratford inapatikana vivyo hivyo katika hifadhi ya NOAA, idara ya serikali ya huko inayoshughulikia hali ya hewa. Kwa bati la upana wa sentimita 90, faili lenye pikseli 5,300 hivi kwa upana linatosha, kwa kuwa hutoa nukta 150 kwa inchi. Chembechembe na mikwaruzo ya asili nimeiacha. Programu za kulainisha huifanya dhoruba ya mwaka 1935 ifanane na tangazo la simu.

Picha ya tonado (kisulisuli kikubwa) iliyopigwa karibu na Howard, katika Dakota Kusini ya leo, tarehe 28 Agosti 1884, nayo ipo ukutani, ingawa inaaminika kwamba iliguswa kwa mkono baada ya kupigwa ili kisulisuli hicho kionekane vizuri zaidi. Nimelieleza hilo katika kibati kidogo cha maelezo chini yake, pamoja na mahali na tarehe, kama nilivyofanya kwa nyingine zote. Picha za Galveston, mji wa Texas ambako kimbunga cha tarehe 8 Septemba 1900 kiliua watu wasiopungua 6,000, sikuzichukua. Karibu zote zinaonyesha mabaki ya nyumba za watu, na mng'ao wa alumini ungeyageuza kuwa pambo.