Nimeshauzoea

Sentensi moja ya mdogo wangu imenikaa kooni tangu Jumamosi. Tulikuwa tumeshatua na ndege yetu tuliyoijenga wenyewe, injini imezimwa, yeye anajifungua mkanda, nikamuuliza kama na yeye aliuhisi ule mtetemo kwenye fimbo ya kuongozea tulipofika mizunguko 5,000 ya injini kwa dakika. Hakugeuka hata kunitazama. "Huo? Mimi nimeshauzoea, Dada." Akashuka, akachukua vizuizi na kwenda kuvisukumiza chini ya magurudumu kama mtu aliyeulizwa saa ngapi.

Tangu hapo naisikia nikipiga mswaki, naisikia nikiwa kwenye foleni. Wiki hii mdogo wetu wa mwisho amejifungua mapacha na kazini tumehamishiwa jengo jipya, lakini nikizima taa usiku ninachokisikia ni "nimeshauzoea". Nimeijaribu kwa kila sauti. Labda alimaanisha ni kidogo, hauna madhara. Labda alikuwa amechoka. Kila nikiirudia inaishia palepale: aliuhisi kabla yangu, akanyamaza. Mimi ndiye niliyekuwa nikijiuliza kama ni mawazo yangu tu, na kumbe mwenzangu, niliyepiga naye riveti ubavu kwa ubavu miaka yote ile bandani, alikuwa anajua.

Na anajua pia, kuliko watu wengi, kwa nini mtetemo si jambo la kuzoewa. Mwili wa binadamu huzoea; baada ya muda viganja na mgongo huacha kuleta taarifa. Chuma hakizoei. Propela yetu huzunguka mara 34 kwa sekunde tukiwa safarini. Kila mzunguko ukiwa na msukumo wake mmoja wa pembeni, basi ndani ya saa moja kila kibano, kila bomba la mafuta na kila kiungo cha ekzosi kimesukumwa zaidi ya mara 120,000. Feleji ina kiwango cha mkazo ambacho ukikaa chini yake inaweza kuvumilia bila kuchoka. Aluminiamu haina kiwango hicho. Hata mkazo mdogo, ukirudiwa vya kutosha, mwishowe utaleta ufa, na ndege yetu karibu yote ni aluminiamu. Haya mambo alinifundisha yeye! Ndiyo maana jibu lake liliniuma.

Jumapili nikaenda peke yangu. Nilipanda hadi nikapata nafasi ya kutosha chini yangu, nikashikilia mizunguko ileile na kubadilisha mwendo tu: pua juu kidogo, kisha sawa, kisha chini kidogo. Mtetemo haukubadilika, nami nikashusha pumzi. Mtetemo unaofuata mwendo wa ndege badala ya injini ndio unaoniogopesha kuliko yote, kwa sababu huenda ni vibao vya mkia au vya mabawa vinaanza kupepea, na hilo linaweza kuivunja ndege ndani ya sekunde chache. Hapo hakuna uchunguzi wa kuendelea nao. Unapunguza mwendo, unatua. Huu wetu ulifuata injini. Ulififia nilipopunguza mizunguko, ukarudi nilipokaribia 5,000, na nilipovuta mkono wa mafuta hadi mwisho tukabaki tunateleza hewani, kimya. Mapema, mara tu baada ya kuruka, nilikuwa nimegusa breki pia, maana gurudumu lisilo na mizani likiendelea kuzunguka hewani hutetemesha ndege nzima na watu wakahangaika na injini bure. Haikuwa hiyo.

Injini yetu, kwa wageni, ni Rotax 912 ULS. Ina kabureta mbili, kila moja ikilisha silinda mbili za upande wake, na zisipokubaliana injini hutikisika hasa kwenye mizunguko ya chini. Yetu kule chini ni tulivu kabisa. Moto wa plagi una mifumo miwili. Niliijaribu chini, mmoja mmoja, mizunguko ikashuka kawaida. Kilichobaki ni kupima.

Na hapa giaboksi, gia zinazopunguza kasi kati ya injini na propela, ni msaada mkubwa mno. Kwenye injini ambayo propela imefungwa moja kwa moja, propela na kranki, mhimili mkuu wa injini, huzunguka pamoja, na mtetemo wa kimoja unaweza kujificha ndani ya mwingine. Yetu ina giaboksi ya 2.43 kwa 1. Injini ikiwa kwenye 5,000, kranki inazunguka mara 83 kwa sekunde na propela mara 34 tu. Nilifunga kipima mtetemo juu ya giaboksi, nikabandika utepe unaoakisi mwanga kwenye panga moja la propela, nikawasha. Mchoro ulipanda mlima mmoja mrefu, juu ya 34. Pale kwenye 83 hapakuwa na kitu cha kutaja. Ni propela.

Na propela aliifunga yeye.

Sikumpigia simu usiku huo, kwa sababu nilijua nitaongea vibaya. Jumatatu jioni akaja bandani mwenyewe, amebeba kasha la vizito vya kusawazishia, akasema tu, "Nimeona mchoro ulionitumia." Tukafanya kazi bila maneno mengi. Swichi zote mbili za moto zimezimwa na ufunguo uko mfukoni mwangu kabla mkono wa mtu haujagusa propela; hilo halina mjadala kwetu, hata tukiwa tumenuniana. Tukaongeza vizito kwenye sahani ya nyuma ya koni ya propela, tukawasha, tukapima, tukavihamisha. Chini tulishuka kutoka 0.4 hadi 0.06. Kipimo ni inchi kwa sekunde, na mafundi wengi hulenga 0.07 au pungufu, kwa hiyo kwa karatasi tulikuwa tumemaliza. Nikaruka nayo. Mtetemo ulikuwepo, kama vile hatujafanya lolote.

Niliposhuka alikuwa amekaa juu ya ndoo, ameinamisha kichwa. "Si uzito," akasema. "Ni pembe."

Alikuwa sahihi. Uzito usio sawa uko palepale ndege ikiwa chini au juu. Panga lenye pembe tofauti na wenzake ni jambo jingine: linakamata hewa zaidi au pungufu, mvuto wake haulingani na wa wengine, na tatizo hubadilika kadiri hewa inavyoingia kwenye propela. Unaweza kulifunika kwa vizito ardhini na likakusubiri angani. Tukatoa vizito vyote, tukasawazisha ndege, tukaleta kipima pembe. Mapanga mawili yalikuwa sawa kabisa. La tatu lilipishana nayo kwa zaidi kidogo ya nusu digrii.

Nikataka kuuliza. Akaniwahi.

"Siku ile nilipoyafunga, Baba alikuja."

Nikanyamaza. Siku hiyo niliwahi kuiandika humu, siku pekee Baba alipokaa ndani ya ndege yetu.

"Nilikuwa nimeshaweka mawili. Akasema anataka kukaa, nikamsaidia kupanda. Alikaa sana, Dada. Anashika fimbo, anauliza hiki ni cha nini. Sikutaka kumwambia ashuke. La tatu nililipima yeye akiwa mle ndani."

Kipima pembe husoma kwa kulinganisha na ardhi. Mtu mzima akiingia kwenye ndege nyepesi, miguu na matairi hukandamizwa, pua hukaa tofauti, na panga litakalowekwa wakati huo litakuwa limekosea mara tu atakaposhuka. Mdogo wangu alilijua hilo. Alisema alifikiri ni kidogo mno, kisha Baba akaugua, kisha mazishi, kisha ndege ikaruka na watu wakashangilia. Kila mtetemo ulipoanza alijua ni panga gani.

"Sikutaka kulifungua," akasema, akainuka kutafuta spana ambayo ilikuwa mkononi mwake.

Hasira niliyoibeba tangu Jumamosi haikuisha, naomba nisiwadanganye. Nilimwambia alipaswa kuniambia, kwamba mimi ndiye ninayekaa kiti cha pili, na kwamba Baba mwenyewe alikuwa akisimamisha gari barabarani kwa sababu ya mlio asioufahamu, kwa hiyo asimtumie Baba kama sababu. Alikubali. Lakini nikiirudia sasa ile sentensi siisikii kama nilivyoisikia mwanzo. Jumamosi nilisikia uvivu. Sasa najua kwa nini hakugeuka kunitazama.

Tulilegeza bolti za kitovu, tukalipima panga la tatu yeye akisoma namba na mimi nikihakikisha hakuna mtu wala mkoba ndani ya ndege, tukakaza kwa spana ya kupimia nguvu kwa mpangilio wa kitabu, tukarudia vipimo vyote vitatu tangu mwanzo. Tukasawazisha uzito upya. Jana angani ilisoma 0.05. Fimbo imetulia kiasi kwamba nilisikia saa ya mkononi ikigonga kwenye paneli, sauti ambayo sikuwahi kuisikia mle.

Tulivua kava lote la injini tukakagua kila kibano kwa tochi na kioo. Kibano kimoja cha ekzosi kilikuwa na ufa mwembamba, pembeni mwa tundu la bolti. Nimekitoa, na kingine kipya kimeagizwa; haturuki mpaka kifike. Nilimpa mdogo wangu kile cha zamani akishike mwenyewe na kuuona ufa. Akakitazama muda mrefu, akaniuliza kama anaweza kukaa nacho. Nikampa.

Nilitaka pia kuandika kuhusu raba za injini, maana naona zimeanza kulala upande mmoja, lakini shemeji amepiga simu sasa hivi. Pacha wa pili bado yuko kwenye mashine ya joto na leo hakunyonya vizuri. Nimemuuliza uzito wa asubuhi, hakuwa nao. Anasema daktari atapita saa mbili usiku. Sasa ni saa kumi na mbili na nusu, na simu ya mdogo wetu haipatikani.