Siku moja ya mshauri wa komini, Lubumbashi

Lubumbashi, mji wa Kongo (DRC), ina komini saba, yaani manispaa. Washauri wa komini hizo walichaguliwa tarehe 20 Desemba 2023, mara ya kwanza chini ya Katiba ya 2006. Mtu hufika kwenye baraza la komini akitokea mtaani: ualimu, biashara ya soko, uongozi wa kanisa. Akishaingia, watu wanamdai barabara. Lakini sheria haikumpa mshauri pesa ya kujenga. Ilimpa kura juu ya bajeti na haki ya kukagua kazi ya burugumesta, mkuu wa komini.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Watu wako getini. "Papa, mtoto hana cheti cha kuzaliwa." Ana siku ngapi? Kama hazijapita 90, mzazi aende komini, ofisi ya eta sivile (inayoandikisha vizazi), na karatasi ya hospitali. Zikipita, inatakiwa hukumu ya mahakama, na hapo saini ya mshauri haisaidii kitu. Aambiwe hivyo palepale, asipewe ahadi.

Saa mbili, sokoni. Bajeti inaanzia hapa. Tembea safu kwa safu, andika meza zinazouza kweli, kisha omba kuona risiti za wauzaji wachache: zina namba, muhuri, tarehe ya leo?

Saa nne, tume ya fedha ya baraza. Tuseme meza ni 400, ushuru faranga 200 kwa siku, siku 26: ni faranga 2,080,000 kwa mwezi. Makadirio yakionyesha nusu ya hapo, ama wakusanyaji hawafikii wote, ama pesa inabaki njiani. Usimtuhumu mtu. Uliza vitabu vingapi vya risiti vilitoka, vingapi vilirudi, na nani alisaini. Swali hilo ni gumu kulikwepa.

Upande wa matumizi, anza na mistari ya bajeti iliyoandikwa "kwa jumla". "Kusafisha mifereji, kwa jumla" hakuna atakayeweza kuukagua baadaye. Urudishwe ukiwa na urefu, upana, kina, idadi ya wafanyakazi, siku za kazi, na safari za gari la kubeba uchafu. Gari ndilo husahaulika zaidi: matope na plastiki vikiachwa ukingoni, mvua ya kwanza inavirudisha ndani. Tena kazi iishe Septemba, kabla mvua hazijaanza. Pesa ikitoka Desemba, nyumba zimeshaingia maji.

Saa nane, kikao cha washauri wote. Leta marekebisho yameandikwa, na namba ya mstari na kiasi kipya. Ya mdomo hupotea. Ukiongeza mahali, onyesha unapopunguza, maana bajeti lazima ilingane.

Saa kumi na moja, kwenye karitie, yaani mtaa. Karatasi ni za Kifaransa, maelezo ni ya Kiswahili: avenyi gani, mita ngapi, mwezi gani. Shefu wa karitie anabaki na nakala ya mstari wa mfereji, ili kazi ikianza wakaaji wapime wenyewe.