Bosko alijua mkono kabla hajajua neno

Wageni wanaokuja kwetu hapa Sakina, Arusha, wakimwona Bosko anakaa akiambiwa akae, huuliza kama ni mbwa wa kizungu. Ni mbwa wa kienyeji kabisa, sikio moja limesimama, jingine limelala. Huniuma kusikia watu wakisema mbwa wa aina yake hawafundishiki. Wengi wao hushinda bandani mchana kutwa, na neno pekee wanaloambiwa ni "toka!", tena jiwe likifuata. Hilo wanalielewa vizuri sana. Basi uwezo wanao.

Mimi nilimfundisha kwa dagaa. Unamshika dagaa mbele ya pua ya mbwa, kisha unampandisha polepole kuelekea utosini kwake. Kichwa kinafuata juu, makalio yanashuka yenyewe. Yakigusa ardhi tu, unasema "kaa" na dagaa unampa papo hapo. Ukichelewa mpaka ameinuka, umemlipa kwa kuinuka.

Haikuchukua muda Bosko akawa anakaa vizuri, na nyumbani wote wakaridhika. Nilitaka uhakika. Nikaficha mikono mgongoni, nikasimama wima, nikasema "kaa". Akabaki ananitazama. Nikainua mkono mtupu bila kusema kitu, akakaa. Nikainua mkono nikasema "viazi", akakaa vilevile. Alichokuwa anakifuata siku zote ni mkono.

Kuanzia hapo neno likawa linatangulia, nanyamaza kidogo, ndipo mkono unafuata. Mbwa akishaona kwamba neno ndilo linalomletea habari za dagaa mapema, hana haja ya kusubiri mkono. Sasa naweza kumwambia nikiwa nyuma ya pazia la jikoni, na anakaa.

Sauti nayo ina kazi yake. Mwaka 2016 watafiti wa Budapest, mji mkuu wa Hungaria, akiwemo Attila Andics, walichapisha matokeo ya mbwa 13 waliozoeshwa kulala kimya ndani ya mashine ya MRI, inayopiga picha za ubongo, huku wakisikiliza sauti ya mtu. Sehemu za ubongo zinazohusika na raha ya kupewa zawadi ziliamka zaidi pale neno la sifa lilipotamkwa kwa sauti ya kusifu. Kimoja bila kingine hakikutosha. Ndiyo maana huwa namwambia mama, ambaye hata akifurahi sauti yake ni kavu, "Mama, mlainishie kidogo." Akilainisha, mkia wa Bosko unazunguka.

Jambo jingine ni kuchagua maneno yasiyofanana. Watafiti wa mji huohuo walionyesha mwaka 2020 kwamba ubongo wa mbwa haukutofautisha neno analolijua na neno bandia lililopishana nalo kwa sauti moja tu. Mimi niliacha "lala" kwa sababu ilikuwa karibu mno na "kaa", nikaweka "chini". Na nyumba nzima ikubaliane. Kwetu mdogo wangu alikuwa anasema "keti", babu mlinzi wa getini anasema "sit", na mnyama anazunguka katikati yao hajui afanye nini.

Alikuwepo aliyefika mbali zaidi: Chaser, mbwa wa jamii ya border collie wa Spartanburg, Carolina Kusini, Marekani. John Pilley, profesa mstaafu wa saikolojia, alimfundisha majina ya midoli 1,022 kwa takriban miaka mitatu, na utafiti ukachapishwa mwaka 2011. Kila mdoli ulikuwa na jina lake, na alikuwa anatumwa kuuleta. Akitajiwa jina geni, alichagua kile kitu ambacho hajawahi kukijua jina.

Sisi tuko kwenye kandambili na kopo. Kandambili analeta bila shida. Kopo bado analiruka, analeta kandambili. Kwa hiyo kandambili tumezificha, uani kuna kopo tu, na kila anapoligusa kwa pua natamka jina lake na dagaa anapata. Likimkaa vizuri, tutaviweka vyote viwili pamoja.