Korodani Mbili za Beberu Mmoja

Miaka niliyosoma tiba ya mifugo Morogoro, vielelezo vyetu vya somo la histolojia, yaani elimu ya tishu chini ya hadubini, vilitoka machinjioni, na kwa upande wa korodani tulilazimika kushindana na wauza supu, ambao walifika mapema kuliko sisi na walikuwa na fedha mkononi. Ndiyo sababu asubuhi ile mkaguzi wa nyama alipotuma mtu kumwita mwalimu wetu, tulidhani amefanikiwa kutuwekea mbili tatu za kawaida. Kumbe alikuwa amekuta beberu ambaye mfuko wake ulikuwa na korodani moja tu, ya kushoto. Alikuwa amemzuia mchinjaji asiyaondoe matumbo mpaka yapekuliwe, na ya kulia ilipatikana humo ndani, karibu na tundu la kinena ambalo ilipaswa kulipita ili ishuke mfukoni. Ilikuwa laini, na haikufikia hata nusu ya ukubwa wa mwenzake.

Mwalimu aliziweka zote mbili kwenye sinia, akatukusanya. "Mnyama ni mmoja, damu ni moja, umri ni mmoja," alisema. "Kilichotofautiana ni mahali. Sasa nendeni mkaone mahali hufanya nini."

Ili kuhifadhi vipande, alitukataza kutumia formalini peke yake, kwa sababu husinyaza tishu za korodani na kuvuruga viini vya seli, akatutayarishia maji ya Bouin, ambayo asidi ya pikriki iliyomo hupaka kila kitu rangi ya manjano, vidole vya wanafunzi vikiwemo. Vipande vilipokwisha kukaushwa maji kwa alkoholi, kupitishwa kwenye zaileni na kugandishwa ndani ya nta, tulivikata kwa mikrotomu katika unene wa mikroni 5, tukavitia rangi za hematoksilini na eosini. Hatua hizo huchosha, na sitazieleza zaidi.

Tulianza na ya kushoto. Chini ya hadubini, korodani yenye afya huonekana kama uwanja uliojaa mirija iliyokatwa katikati, mmoja kando ya mwingine, na katika ukuta wa kila mrija seli zimepangwa kwa umri: changa zimelala juu ya utando wa nje, na kadiri jicho linavyosogea kuelekea uwazi wa katikati ndivyo seli zinavyokomaa. Pembeni kabisa zilikuwapo spematogonia, seli za mwanzo za mbegu, ambazo hujigawa ili kuongeza idadi na wakati huohuo kubakiza akiba. Zilifuatwa na spematositi za kwanza, kubwa kuliko zote, zenye kromosomu zilizojikunja kama nyuzi kwa kuwa zimo katika meiosisi, mgawanyiko unaopunguza kromosomu kwa nusu. Spematositi za pili hatukuzipata kwa urahisi, maana hudumu kwa muda mfupi mno kabla ya kugawanyika tena na kuwa spematidi, ambazo zina nusu tu ya kromosomu za mwili.

Spematidi ndizo zilizonishika zaidi. Hazigawanyiki tena, bali kila moja inajibadilisha umbo na kuwa mbegu: kiini kinabanwa na kurefuka, kofia ya akrosomu inakifunika upande mmoja, mkia unaota upande wa pili, mitokondria zinajipanga kuuzunguka mwanzo wa mkia huo, na uteute wa seli uliobaki unatupwa. Katika mbuzi safari yote, kutoka spematogonia hadi mbegu iliyoachiliwa ndani ya mrija, huchukua takriban siku 48, na kwa mwanadamu hukadiriwa kuwa kati ya siku 64 na 74. Mwanafunzi anayeanza ana bahati akipewa mbuzi, kwa kuwa kipande kimoja cha mrija wake huonyesha hatua moja ya mzunguko, ilhali katika mrija wa mwanadamu hatua kadhaa huchanganyika mahali pamoja.

Kitu kimoja tu kilitushinda katika slaidi ile ya kushoto. Mwalimu alitaka tuchore seli za Sertoli, zile ambazo Enrico Sertoli alizieleza mwaka 1865 akiwa kijana wa miaka 23, kabla hajawa mwalimu katika chuo cha tiba ya wanyama cha Milan. Seli hizo zimesimama kutoka utando wa nje hadi kwenye uwazi, zinalisha mbegu zinazokua na kumeza masalia yake, lakini zimebanwa kila upande na seli nyingine hata mipaka yao haionekani. Tulichokiona ni kiini hapa na kiini pale.

Tulipoweka slaidi ya kulia, zilijitokeza zenyewe. Mirija ilikuwa myembamba, utando wake umenenepa, na ndani yake hamkuwa na spematositi, spematidi wala mkia hata mmoja. Zilibaki seli za Sertoli peke yake, safu moja yenye viini vyepesi na nukleoli, doa la ndani ya kiini, iliyo wazi. Na katika nafasi za kati ya mirija, seli za Leydig, zinazotengeneza homoni ya kiume ya testosteroni, zilikuwapo kwa wingi, maana utengenezaji wa homoni hiyo huvumilia joto la tumboni kuliko utengenezaji wa mbegu.

Joto ndilo lililoleta tofauti hiyo. Mfuko wa korodani hukaa nyuzi kadhaa chini ya joto la mwili, na ateri inayoshuka humo hujipindapinda katikati ya mtandao wa vena zinazopanda, hivyo damu inayoingia huachia joto lake kwa damu inayotoka. Korodani ya kulia haikuwahi kuupata ubaridi huo.

Mkaguzi alikuja jioni kusikiliza majibu. Hakuuliza habari za seli. Alitaka kujua kama mnyama yule angeweza kuzaa. Mwalimu alimwonyesha slaidi ya kushoto, iliyojaa mikia, akamweleza kwamba korodani moja iliyo mahali pake inatosha, na kwamba kasoro hiyo inaweza kurithiwa. Mkaguzi aliandika jina la kijiji alikotoka beberu, akasema atakwenda kumtafuta mwenye kundi kabla ya mnada uliofuata, ili wana wa kiume wa beberu yule wakaguliwe, na walio na kasoro wahasiwe.