Siku Moja Maishani Mwangu: Wanafunzi 22 Katika Kasri la Kifalme la Beijing

Saa 12 asubuhi nilikuwa nimeshaamka. Ninasoma shahada ya uzamili hapa Beijing na huwasaidia wanafunzi wa kigeni wanaoanza masomo. Zamu ya Jumanne hii ilikuwa kuwapeleka 22 kwenye Kasri la Kifalme, ambalo Jumatatu hufungwa. Kabla ya kunywa chai niliwakumbusha wote wabebe pasipoti, kwa sababu nafasi huwekwa mapema kwa namba ya pasipoti, na mlangoni ndiyo tiketi yenyewe.

Saa 2:40, kwenye lango la Wumen, mashine ilimkataa kijana mmoja. Alikuwa amepata pasipoti mpya, nami nilikuwa nimeandika namba ya ile ya zamani. Kosa lilikuwa langu. Kwa bahati alikuwa nazo zote mbili, tukaenda dirishani kueleza, na baada ya dakika 35 akaruhusiwa kuingia.

Saa 3:30 tulifika Taihedian, ukumbi mkubwa kuliko yote, ambao wageni huuchungulia kutoka mlangoni tu wakiwa wameinua simu juu ya vichwa vya wenzao. Sikukaa sana hapo. Niliwaeleza kwamba kasri lilijengwa kati ya mwaka 1406 na 1420 kwa amri ya mfalme Yongle, na kwamba mwaka 1421 radi ilizichoma kumbi tatu kuu. Jengo tulilokuwa tukilitazama ni la mwaka 1695.

Hofu ya moto ndiyo iliyonifanya niwasimamishe kwa muda mrefu saa 4:20, mbele ya lango la Qianqingmen, penye mitungi ya shaba iliyopakwa dhahabu, mikubwa kiasi cha mtu mzima kujificha ndani. Ilijazwa maji ya kuzimia moto, na wakati wa baridi ilifunikwa na kuwashiwa moto chini ili maji yasigande. Ukisogea karibu utaona mikwaruzo iliyosimama wima, mamia kwa mamia, mahali dhahabu ilipokwanguliwa. Wachina husimulia kwamba ni kazi ya askari wa kigeni walioingia mjini mwaka 1900. Binti mmoja aliufuatisha mkwaruzo kwa kidole hewani, bila kuugusa, akanyamaza.

Saa 6 mchana tulipumzika bustanini, chini ya miti mikongwe. Mwenzetu wa Kilifi aliniuliza, "Kaka, kweli twiga wa Malindi aliletwa hapa?" Nikamjibu kwamba mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa kwa Yongle huyohuyo, wakati kasri hili lilikuwa bado linajengwa, na watu wa baraza wakamwona kuwa ni qilin, mnyama wa heri wa hadithi zao. Alicheka, kisha akampigia simu babu yake.

Saa 8 mchana tulitoka kwa lango la kaskazini na kupanda kilima cha Jingshan, ambacho udongo wake ulitokana na kuchimba handaki la maji linalolizunguka kasri. Kutoka juu, mapaa ya vigae vya manjano, rangi ya mfalme, yalienea hadi macho yakachoka.

Saa 2 usiku nilifungua orodha, nikafuta ile namba ya zamani na kuandika mpya, maana mwezi ujao tunakwenda Kasri la Majira ya Joto.